WENYE NYUMBA WASIOKAA NYUMBANI

Ndugu Mhariri, na ndugu wanachama wote popote mlipo, Unguja, Pemba na ugenini,

Nakuandikieni kutoka Murukulazo, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, mahali ambapo bahari hujulikana kwa khabari tu. Majirani zangu hapa ni Wahangaza na Washubi, watu wa migomba na kahawa. Mipaka ya Rwanda na Burundi si mbali, na kutoka hapa mpaka Bandari ya Malindi, Unguja, ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kwa basi, kisha boti. Nauza sukari, chumvi, sabuni, kanga na betri za tochi. Sikuja huku kwa siasa. Nimekuja kutafuta riziki, kama walivyokuja wenzangu wengi wa Visiwani ambao maduka yao mtayakuta katika miji mingi ya Bara. Lakini mtu hubeba kwao kifuani, na jambo lililonifikia mwezi uliopita limeninyima usingizi. Nimeona si haki nikae nalo peke yangu, kwani si jambo langu peke yangu.

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Jambiani. Baada ya shikamoo na marahaba alisema: "Mjomba, nina khabari ya kheri. Kuna dalali amekuja kuiona nyumba ya marehemu babu, na ameipenda. Ataipaka rangi nyeupe, atatia feni na viyoyozi, kisha atazitia picha zake katika mtandao, na wageni watakuja wenyewe. Wewe utakaa dukani kwako, na fedha itakuwa yaingia katika simu yako. Huna haja hata ya kuja."

Nikamwuliza: "Na shangazi yangu?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Bibi tutamtafutia chumba kwa jamaa, Muungoni. Dalali anasema wageni hawapendi nyumba yenye mtu."

Ndugu zangu, yasomeni tena maneno hayo. Wageni hawapendi nyumba yenye mtu. Ni maneno hayo yaliyonifanya nishike kalamu.

NYUMBA YENYEWE

Nyumba hiyo aliijenga baba yangu kwa mawe na chokaa, chumba baada ya chumba, kila alipopata. Paa lilikuwa la makuti, baadaye likawa la bati. Ina kisima uani na baraza nje, na barazani hapo ndipo wazee wa mtaa walipokuwa wakikaa baada ya sala ya alasiri, wakinywa kahawa na kuhukumu mambo ya dunia. Baba alipofariki tulibaki ndugu watano, wanaume watatu na wanawake wawili, na mama alikuwa amekwisha kututangulia. Wote tumetawanyika. Aliyebaki ndani ni shangazi, dada wa baba, ambaye ndiye afagiaye, ndiye aonaye bati lililopasuka, ndiye apokeaye mgeni wa msiba na wa arusi.

Katika mirathi shangazi hana fungu. Sisi watoto wa kiume tupo, na kuwepo kwetu kwamzuia. Sheria nimeisoma chuoni tangu utoto na siipingi. Lakini yule aliyetufundisha mafungu ya mirathi ndiye aliyetufundisha pia haki ya jamaa wa damu na haki ya jirani. Hakutuambia tuyashike mafungu na kuiacha hiyo. Kwa hiyo najua kwamba nikitaka kumtoa shangazi hakuna hakimu atakayenizuia, na kwa sababu hiyo hasa jambo hili lipo juu ya shingo yangu mwenyewe.

HESABU YA MUUZA DUKA

Mimi ni mtu wa duka, na mali bila daftari huisha bila khabari. Usiku ule nilifungua ukurasa mtupu katika daftari la madeni, nikafanya hesabu ya makisio, kwa namna ambayo dalali mwenyewe asingeona nimemdhulumu.

Tuseme nyumba inalipwa dola 60 kwa usiku, na wageni wanalala nusu ya mwezi, yaani siku 15. Jumla ni dola 900. Mtandao uchukue asilimia 15, nazo ni dola 135. Msimamizi anayepokea wageni achukue asilimia 20, nazo ni dola 180. Mfuaji wa mashuka, maji ya gari, umeme wa viyoyozi na ujira wa mfagiaji, dola 150. Matengenezo, kwa kuwa chumvi ya bahari hula chuma na rangi bila ya huruma, dola 100. Kodi na ada za Serikali, kwa mtu asiyeiba, dola 135. Toeni yote hayo, zabaki dola 200.

Dola 200 hizo zagawanywa kwa mafungu manane, mawili kwa kila mwanamume na moja kwa kila mwanamke. Fungu moja ni dola 25. Mimi basi napata dola 50 kwa mwezi, katika mwezi ulio mzuri, na katika miezi ya mvua ya masika labda sipati kitu. Hiyo ndiyo thamani niliyoulizwa kumuuzia shangazi yangu. Nikajiuliza: je, lau ningeambiwa na mtu waziwazi, "Nipe dola 50 nikutolee mzee wako nje," ningemjibu nini? Bila ya shaka ningemfukuza dukani. Lakini kwa kuwa jambo limevishwa nguo za biashara, na limekuja kwa sauti ya mpwa wangu nimpendaye, nililala nalo siku tatu nikilitafakari kama kwamba lina pande mbili.

Na wengi, ndugu zangu, hawafanyi hesabu hii. Husikia dola 900, wakadhani ni zao.

FIMBO YA MBALI

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi methali hii sikuijua kwa kuisoma, nimeilipia. Zamani, kabla sijaja hapa, nilikuwa na duka dogo Biharamulo, nami nikamwachia kijana fulani nikaenda kutafuta faida kubwa zaidi mahali pengine. Kila wiki nilimpigia simu, na kila wiki alinijibu kwamba mambo ni mazuri. Nilirudi baada ya miezi sita. Rafu zilikuwa na makopo mbele na upepo nyuma. Sikumlaumu sana kijana yule. Nilimlipa kidogo, sikumtembelea, na nilitaka mali yangu iishi bila ya mimi kuishi nayo. Kosa lilikuwa langu.

Basi duka likiachwa, hasara ni ya mwenye duka. Nyumba ikiachwa, hasara ni ya mtaa mzima. Ngoma ikipigwa mpaka alfajiri, jirani atamwendea nani? Karo likifurika likamwaga uchafu njiani, nani ataitwa? Mgeni akiugua usiku wa manane, au akiibiwa, au akitembea na kichupi mbele ya chuo cha watoto kwa kuwa hakuna aliyemwambia ada za mahali, nani wa kuulizwa? Ufunguo u ndani ya kisanduku chenye namba. Mgeni hubonyeza namba, huingia, hulala, huondoka, wala hakuamkiwa wala hakuaga. Mwenye nyumba yuko Muscat, au London, au Milano, au, nikubali, Murukulazo. Sheha hana jina lake. Jirani hana simu yake. Na msimamizi, akiulizwa, husema: "Mimi ni mtumishi tu."

Sisi Waswahili twajua kumkaribisha mgeni. Mgeni alipewa maji ya kunawa, akakalishwa, akaulizwa khabari za kwao. Leo twamwita mgeni, lakini mwenyeji tumemwondoa. Huo ni ukaribishaji wa namna gani?

MAMBO HAYA SI MAPYA

Atakayesema hili ni jambo la zama za intaneti na azisome khabari za zamani. Mwenye mali asiyekuwepo twamjua kitambo katika Visiwa hivi. Mashamba mengi ya mikarafuu yalikuwa ya watu waliokaa mjini, na shambani alibaki msimamizi na wakulima waliolima mihogo chini ya miti isiyokuwa yao. Ilipofika miaka ya mwisho ya 1950, pale siasa zilipochafuka baada ya uchaguzi wa 1957, wakulima wengi walifukuzwa katika mashamba kwa sababu ya vyama vyao. Kila nyumba ya Visiwani ina hadithi yake juu ya yaliyofuata mwaka 1964, nami sitaki kuchokoa vidonda hapa. Nasema neno moja tu: mwenye mali na mtumiaji wa mali walipokuwa hawajuani tena kwa sura, chuki ilipata mahali pa kuota.

Baada ya 1964 majumba mengi ya Mji Mkongwe yalitwaliwa, wenyewe wakaenda ng'ambo, na ndani wakatiwa wapangaji. Mwaka 1965 ardhi yote ikatangazwa kuwa mali ya Serikali. Je, majumba yalipona kwa kupata mwenyewe mpya? La. Serikali nayo ilikuwa mwenye nyumba asiyekuwepo. Mpangaji hakutengeneza kwa kuwa nyumba si yake, na Serikali haikutengeneza kwa kuwa haikai humo. Mvua zikaingia katika dari, boriti zikaoza, na kuta zikalala chini moja baada ya moja, hata ikabidi mwaka 1985 iundwe Mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe. Mwaka 2000 mji huo ukaandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na watu wakapoteza maisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa haumwonekani aliye mbali, akiwa ni Mwarabu, Mzungu, Mhindi, Mswahili au Wizara.

Bara nako wana khabari zao. Huku Kagera, upande wa Buhaya na Karagwe, ilikuwapo nyarubanja: mtu alilima ardhi ya bwana, akampelekea sehemu ya mavuno, na bwana angeweza kukaa mbali asiyaone hata majani ya migomba yake. Mwaka 1965 Serikali ya Tanzania ilitunga sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja. Mwezi wa Aprili 1971 ikatungwa Sheria ya kutwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Sisemi dawa hiyo ilikuwa nzuri; wengi waliumizwa nayo, na majumba mengi yalichakaa nayo. Nasema kwamba ugonjwa ulipoachwa ukakomaa, dawa ilikuja kwa shoka. Mwenye akili hutibu mapema kwa sindano.

SERIKALI YAALIKA NANI?

Sasa tuitazame siasa ya leo. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1992, haki ya kutumia ardhi Zanzibar ni ya Mzanzibari, na mgeni hukodishwa tu, kwa muda maalumu. Kwa sheria ya nyumba za ghorofa ya 2010, mgeni aweza kununua sehemu yake ndani ya jengo. Na Mamlaka ya Uwekezaji, ZIPA, yatangaza waziwazi kwamba anayenunua nyumba ya dola 100,000 au zaidi katika miradi iliyoidhinishwa aweza kupewa kibali cha ukaazi. Fumba na Paje majengo yapanda. Sina ugomvi na mtu anayejenga, wala na mgeni anayetaka kuishi nasi, akanunua samaki sokoni na kuhudhuria mazishi yetu.

Ugomvi wangu u katika maneno yanayotumika kuuzia. Mnunuzi haambiwi: njoo ukae. Huambiwa: nunua, uondoke, nyumba itajilipa yenyewe. Yaani tangu mwanzo nyumba yajengwa kwa nia ya kutokaliwa na mwenyewe. Mnunuzi huyo hatahitaji shule yetu wala hospitali yetu, kwa hiyo hatauliza kwa nini ni mbovu. Hatapiga kura, wala hatakaa na mgonjwa. Je, mji uliojaa watu wa namna hiyo utakuwa na nani wa kuutetea?

Na tazameni wingi wa jambo hili. Mwaka 2023 walikuja watalii zaidi ya 638,000. Mwaka 2024 wakapita 736,000. Kwa sensa ya 2022 sisi wenyewe Zanzibar ni watu 1,889,773. Watalii wote hao hulala mahali. Kadiri nyumba ya kulaza mgeni kwa usiku ilivyo na faida kuliko nyumba ya kumpangisha mwalimu kwa mwaka, ndivyo mwalimu atakavyosukumwa mbali na skuli yake. Hilo halihitaji profesa. Muuza duka alijua. Nikipata mnunuzi wa sukari kwa bei ya juu, yule wa bei ya chini atarudi na kikapu kitupu.

MAJI

Kuna kitu kimoja ambacho hakiwezi kuagizwa na mtandao, nacho ni maji matamu. Mwaka 2012 jumuiya ya Uingereza iitwayo Tourism Concern ilitoa utafiti uliofanywa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Ulionesha kwamba nyumba ya mwanakijiji ilitumia wastani wa lita 93 hivi kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni kilitumia lita 686, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Chumba kimoja, ndugu zangu! Shangazi hujua kisima chetu kina maji kiasi gani mwezi wa Januari, na hujizuia. Mgeni hajui, na hana wa kumwambia. Mwenye nyumba aliye mbali hujua bili tu, na kama maji ni ya kisima hata bili hapati. Kisima kikivutwa kupita kiasi karibu na pwani, maji ya bahari huingia chini kwa chini, na kikishaingia chumvi hakirudi kuwa kitamu kwa kuomba.

WENZETU WAMEFANYA NINI

Wako watakaosema: hii ndiyo dunia, huwezi kuizuia. Basi tuiangalie hiyo dunia. Mji wa New York, uliojaa mabepari, tangu Septemba 2023 unatekeleza sheria kwamba anayelaza wageni kwa muda wa chini ya siku 30 ajiandikishe, na awemo mwenyewe ndani ya nyumba wakati wageni wamo. Barcelona, Juni 2024, meya wake alitangaza kwamba leseni za nyumba 10,101 za kulaza watalii hazitafanywa upya, na muda wake wamalizika mwaka 2028. Hao wana fedha kutushinda, na wana nyumba kutushinda, lakini wameona khatari. Je, sisi wenye visiwa vidogo na visima vichache tusubiri nini?

Na karibu zaidi, tazameni Lamu, jirani yetu kwa damu na lugha, mji ulioandikwa urithi wa dunia mwaka 2001. Pale Shela majumba mengi mazuri yameingia mikononi mwa wageni kutoka Ulaya. Yametengenezwa vizuri, sikatai. Plasta yang'aa na bustani zapendeza. Lakini miezi mingi ya mwaka mengi kati yao hukaa na mlinzi tu. Mtoto wa Shela apita nje ya ukuta wa nyumba aliyozaliwa bibi yake, na hana ruhusa ya kuchungulia.

WANAYOTUJIBU

Jawabu la kwanza: "Mali ni yangu, nafanya nipendavyo." Ndugu yangu, ukuta ni wako, lakini moshi, maji machafu na makelele hupita ukuta. Na mababu zetu walipotaka mali idumu waliiwekea wakfu na msimamizi, na msimamizi akawekewa masharti. Hawakuiacha mali ijisimamie. Walijua mali ni amana, na amana ina wa kuulizwa.

Jawabu la pili: "Bila ya wageni vijana watakosa kazi." Kweli, na sisi hatutaki mlango ufungwe. Lakini ulizeni kazi ipi. Nyumba anayokaa mwenyewe humpa kazi mwanawe, mpishi wa jirani, mvuvi wa pwani hiyo hiyo, na fedha huzunguka mtaani kabla haijaondoka. Nyumba ya mtu aliye mbali hulipwa ng'ambo kwa kadi, na kinachofika kijijini ni ujira wa kufagia. Tena fedha ya mgeni ni fedha ya msimu. Wazee wa huku Ngara hunisimulia mwaka 1994, mwishoni mwa Aprili, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo katika muda wa kama siku moja wakikimbia Rwanda. Mashirika ya misaada yakaja, yakatafuta nyumba, pango likapanda, na wapo waliowahamisha jamaa zao uani ili wapangishe vyumba vya mbele. Disemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakarudishwa kwao, na wapangaji wengi wakafungasha. Zikabaki nyumba, na wakabaki jamaa walio na kinyongo. Na sisi Visiwani tumesahau upesi mwaka 2020, pale ugonjwa wa korona ulipozuia ndege tangu Machi na pwani ikawa kimya? Nani aliyezilinda nyumba wakati ule? Ni shangazi zetu.

Jawabu la tatu ndilo linalonichoma: "Na wewe hukai kwenu. Una haki gani ya kusema?" Naam. Mimi ni mmoja wao, na kwa hiyo najua ninachosema. Katika chama chetu hiki wamo wengi kama mimi, Dar es Salaam, Mwanza, Muscat, Dubai, London na Toronto, wenye nyumba nyumbani na wasio na nafasi ya kukaa. Jukwaani twapiga kelele kwamba ardhi ya Visiwa yauzwa kwa wageni, na usiku twapokea dola kwa nyumba tulizowatoa wazee wetu. Maneno hayo na vitendo hivyo havikai chungu kimoja. Tusiposema ukweli huu wenyewe, wapinzani wetu watatusemea, na watakuwa na haki.

TUNAYOYATAKA

Ndugu Mhariri, sheet yetu isiishie katika kulalamika. Natoa mapendekezo haya matano, nawaomba wanachama wayajadili katika matawi, na wawakilishi wetu wayapeleke katika Baraza la Wawakilishi.

Kwanza. Sheria ya Utalii ya 2009 yataka biashara ya kulaza watalii iwe na leseni. Basi na isiwe kwa hoteli tu. Kila nyumba inayolaza wageni, hata ya chumba kimoja, iandikwe katika daftari la shehia, pamoja na jina la mwenyewe na mahali akaapo, na mwananchi yeyote aweze kulisoma.

Pili. Mwenye nyumba asiyekaa katika shehia asipewe leseni mpaka awe na msimamizi anayekaa humo humo, mwenye uwezo wa kufungua mlango, kuzima muziki na kuita fundi usiku ule ule, na anayebeba dhamana mbele ya sheria.

Tatu. Sehemu ya kodi inayotozwa kwa kila usiku irudi katika shehia ilikotoka, kwa ajili ya maji na taka, na hesabu yake ibandikwe ukutani. Wananchi wa Jambiani wana haki ya kujua kilichoingia na kilichotoka, kama mimi nijuavyo kilo ya sukari.

Nne. Kila kijiji cha pwani kiwekewe kiwango cha nyumba ambazo zaweza kulaza wageni kadiri maji yake yanavyoruhusu, na kwanza wapewe wale wanaokaa ndani ya nyumba zao.

Tano, na hili halihitaji Serikali. Mwanachama wa chama hiki asimtoe mzee wala mpangaji wa siku nyingi ili aingize mgeni wa usiku. Awe na mkataba wa maandishi na msimamizi wake, amlipe ujira wa haki kabla ya kugawa faida, na aweke daftari. Atakayeshindwa na hayo asisimame jukwaani kutuhubiria juu ya ardhi.

NILICHOMJIBU MPWA WANGU

Siku ya nne nilimpigia simu mpwa wangu. Nilimwambia: "Mwambie dalali hapana. Bibi yako hatoki. Vyumba viwili vya mbele vipakeni chokaa, na dada yako awakaribishe wageni, kwa kuwa amesoma na lugha anazijua. Wageni watakula atakachopika bibi, na watatumia maji kama atakavyowaambia bibi. Asiyependa nyumba yenye mtu aende kwingine. Dada yako ashike daftari, achukue ujira wake kwanza, na bibi apewe chake. Kitakachobaki ndicho tutakachogawa."

Akasema: "Mjomba, hapo hutapata hata dola 20."

Nikamwambia: "Nimeshafanya hesabu."

Kisha nikaomba nizungumze na shangazi. Nilimwamkia, akaniuliza khabari za watoto, na kama huku Ngara kuna samaki. Nikamwambia tunakula dagaa wa ziwani. Akacheka, akasema masikini mwanangu. Halafu akasema bati la upande wa kisimani limeanza kuvuja, nitume fundi kabla ya masika. Hakuna mtandao ulimwenguni ambao ungeniambia hivyo.

Fedha ya bati nimeipeleka jana. Na ndugu zangu wenye nyumba kama yangu, nawaomba leo usiku mpige simu nyumbani. Musiulize wageni wangapi wamelala. Ulizeni nani yumo ndani, na kama paa linavuja.

Wakatabahu,

Mwenye Duka,
Murukulazo, Ngara